Mitalawanda ya Theluji

Mwanamme mzima, kakaa miaka tisa kwenye nchi za baridi akisoma, anarudi kwa jamaa zake na mbao mbili. Wallahi mpaka leo nikikumbuka nnasonya.

Sisi tuliondoka Unguja mwaka sitini na nne, Bibi, mama na mimi, na nguo zilizokuwa mwilini. Tukaja kukaa Ghubra, nje ya Maskati, kwenye nyumba ya makuti ya mtende, mchanga mpaka ndani ya sufuria. Yeye, mtoto wa ami yangu, wakati huo alikuwa Ulaya masomoni na hakukimbia hata mbu. Mwaka sabini mambo ya Omani yalipofunguka na walioko nje wakaruhusiwa kurudi, akatokea asubuhi moja na mkoba wa nguo na sanduku refu jembamba. Bibi, mama wa baba zetu wote wawili, alimkumbatia akalia mpaka kanga ikaroa. Mama akachinja kuku aliyekuwa bado anataga.

Basi akafungua sanduku. Ndani mna vibao viwili vyembamba, vikisimama vinanifika kifuani, ncha zimepinda juu, katikati mna mikanda ya kufungia mguu. Akaanza darsa. Huko, anasema, theluji huanguka ikamfika mtu kiunoni, na theluji ni barafu laini kama unga, ukiikanyaga unazama. Watu wengine huvaa viatu vya kusukwa, vipana kama nyungo, wakenda wanapepesuka. Yeye hana ujinga huo. Wenye akili huvaa hivi: si virefu kama vya wanaoshindana mbio, ni vifupi, na chini vimebandikwa ngozi yenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Ukipanda mlima manyoya yanashika, ukishuka yanateleza. Alisema hivyo mara tatu, na kila mara akatupa tupapase, nasi tukapapasa. Watu tuliokimbia na roho zetu, tumekaa kitako tunapapasa ubao.

Bibi masikio yalikuwa yameshaanza kumpa taabu. Alikamata alichokamata.

"Vya kuvaa miguuni?"

"Ndiyo, Bibi," akajibu kwa sauti kubwa.

"Vya mti?"

"Vya mti."

"Na umetuletea sisi?"

Hapo ndipo palipoharibika. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na mgeni wetu huyu alikuja mikono mitupu. Miaka tisa, hata kipande cha sabuni hakumletea bibi yake. Akaona haya, akatabasamu, akasema, "Nimekuleteeni, Bibi."

Bibi akaniangalia mimi. Akaiangalia miguu yangu. Kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Nyumbani kwetu Unguja, posa ilikuwa na taratibu zake. Mume akileta sanduku la bibi arusi, kitu cha kwanza kutolewa ni mitalawanda, vile viatu vya mti vya kwendea chooni, vinavyolia sakafuni watu wakajua mwari yupo. Mama aliolewa hivyo, na Bibi mwenyewe hivyo hivyo. Sasa kijana kaingia na sanduku, ndani mna jozi ya viatu vya mti, na kwa ulimi wake kasema kaleta. Bibi angefahamu nini kingine? "Mirefu kidogo," alisema, "lakini Ulaya kila kitu kirefu." Akaichukua akaisimamisha mlangoni pa choo, mahali pake.

Na yule mwanamme akanyamaza. Si kwamba alinitaka, hata usoni alikuwa haniangalii. Alinyamaza kwa ajili ya tumbo lake. Tangu vigelegele vile alikuwa mkwe, na mkwe hulishwa: asubuhi mikate ya kumimina, mchana wali wa nazi, na nazi zenyewe Ghubra zilikuwa taabu kuzipata. Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Huyu siku ya tatu alipewa halua, na ya nne akauliza kama imebaki.

Mimi nilikuwa na langu. Skuli ya wasichana ilikuwa inafunguliwa Matrah, wanatafutwa wanawake wanaojua kusoma na kuandika, na nilikuwa nimeambiwa nifike Jumamosi kuandikishwa ualimu. Asiyefika Jumamosi nafasi yake anapewa mwingine. Miaka sita nimechota maji na kuchambua mchele nikiota kitu kama hicho. Lakini mwari aliyeposwa hatoki nyumbani. Bibi alisema neno hilo moja tu, akachukua ndara zangu, jozi pekee niliyokuwa nayo, akazifungia kwenye sanduku lake na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kanga.

Nikamwendea bwana mkubwa. "Kaka, mwambie Bibi ukweli. Mwambie hukuleta posa."

"Taratibu, bibie. Bibi mtu mzima, nitamvunja moyo."

"Na mimi?"

"Skuli zitafunguliwa nyingi," alisema, akamega mkate.

Alaa! Nilitamani nimshindilie mkate ule kooni pamoja na sahani yake.

Ijumaa baada ya sala akataka kuwaonesha watu. Mchanga wenu huu, alisema, na theluji ni mamoja, tofauti yake moto tu. Akazichukua mbao mlangoni pa choo, akajifunga, akapanda tuta la mchanga nyuma ya nyumba. Sitamdhulumu: kupanda alipanda, na hakuzama. Watu wakasema mashallah. Akageuka ashuke, akakunja magoti, akanyoosha mikono. Hakwenda popote. Akajisukuma. Hakwenda. Manyoya yalikuwa yamejaa mchanga, na mchanga wenyewe hauna habari ya kuteleza. Akabaki kachutama kule juu kama mtu mwenye tumbo la kuharisha, mpaka jirani yetu mmoja mwenye punda akamuuliza kwa upole kama amletee maji. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini kesho yake ndiyo Jumamosi, na bado hajasema kitu.

Gari la Matrah lilikuwa likipita saa nne. Kutoka kwetu mpaka njiani ni mchanga mtupu, na saa hiyo mchanga unababua. Bibi kakaa mkekani, ufunguo kwenye kanga. Yule bwana yuko ndani na chai yake. Nikavaa buibui, nikachomeka kalamu kifuani, nikenda mlangoni pa choo, nikazichukua zile mbao.

"Wenda wapi?" Bibi akauliza.

"Mitalawanda si yangu, Bibi? Mume kaniletea. Nnaijaribu."

Nikajifunga mikanda kwenye miguu mitupu, nikatoka. Nilikwenda vibaya, ubao unapanda juu ya ubao, buibui linanasa, mara mbili nilianguka kwa mikono. Lakini sikuzama wala sikuungua, na hilo ndilo jema pekee nitakalozisemea mbao zile. Dereva aliponiona alisimamisha gari, akashuka kabisa kutazama. Nikajifungua, nikazichomeka mbao mchangani, nikapanda nyuma.

Hapo ndipo mtoto wa ami akatoka mbio, kipande cha mkate mkononi. Siku zote zile hakuwahi kunyanyuka upesi namna ile.

"Mbao zangu!" anapiga kelele. "Jua litaziharibu! Ngozi itabanduka! Mbao zangu!"

Hakuniita mimi. Nilikuwa simtaki, simtaki hata kwa dawa, na bado iliniuma. Alipita ubavuni mwa gari asinyanyue macho, akapiga magoti, akaanza kuyapangusa manyoya kwa ukingo wa kikoi chake.

Bibi alikuwa kasimama mlangoni. Masikio mabovu, lakini kelele zile angezisikia hata kiziwi. Akamtazama mjukuu wake aliyepigia ubao magoti. Kisha akageuka akarudi ndani, nami nikajua nimemkosa Bibi, nimetoka nyumbani bila radhi yake. Nikamwambia dereva twende.

"Ngoja kwanza," alisema dereva.

Bibi alikuwa anakuja mchangani, anakimbia kadiri mtu wa umri wake anavyoweza kukimbia, ndara zangu kazibana kifuani, na mwenyewe miguu mitupu. Alikuwa kasahau kuvaa zake. Alimpita yule pale chini na mbao zake kama hayupo. Alifika garini anahema, akaushika mguu wangu mmoja, akaupangusa mchanga kwa kanga, akauvisha, kisha akaushika wa pili.

"Mwalimu hendi peku," alisema.

Akageuka akarudi nyumbani juu ya mchanga ule ule, anarukaruka kwa moto.