Feni Iliyogoma Kilimani Bwera

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye kilima cha kuingia Bwera, mji wa soko mpakani, mshale wa joto ulifika kwenye alama nyekundu na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nilizima injini. Mke wangu alishuka, akatandika kitenge nyasini, akaketi.

Tulikuwa tunapeleka gari kuuzwa. Mgodini nilikokuwa mtunza stoo walikuwa wamenipunguza kazini, na lori la kuturudisha kwetu Kenya lilikuwa linaondoka Kasese kesho yake. Nyumba yetu huko ilikuwa kuta tupu. Mabati yake yote yangetoka kwenye bei ya gari hili.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa kahawa kutoka ng'ambo ya mpaka. Alipochoka kutusubiri sokoni alitufuata kwa miguu, akaukuta mvuke.

"Papa, motokari yako iko napika chai?"

"Ni feni tu. Haizunguki."

"Ikipona, elfu saba, vile tulipatana. Ikibakia vile, elfu ine na nusu. Narudia saa kumi."

Magari mengi ya siku zile yalizungusha feni kwa mkanda wa injini. Langu, la Kifaransa, lilikuwa na feni yenye mota yake ya umeme. Barabara ya Muhokya tuliyopitia ni tambarare, upepo ulikuwa umelipoza. Kilimani, kwa mwendo wa pole, hapakuwa na upepo.

Umeme nilijifunza mwenyewe, na kanuni yangu ilikuwa moja: usibadilishe kitu kabla ya kukipima. Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi iliyo kwenye rejeta, ile inayowasha feni maji yakipata moto, niliiruka kwa kuunganisha nyaya zake mbili. Feni kimya. Nikachukua balbu yangu ya kupimia, mguu mmoja kwenye waya unaoingia kwenye mota, mwingine kwenye ncha hasi ya betri. Ikawaka. Umeme ulikuwa unafika. Basi mota imekufa, nikadhani. Nikaipa umeme kwa nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikazunguka vizuri kabisa.

Nilirudia yote tangu mwanzo, nikapata majibu yale yale. Kila kiungo kizima, na mwili mgonjwa. Jua lilikuwa linanipiga kisogoni.

"Baba, uza," mke wangu akasema. "Lori halitungoji."

Saa kumi mnunuzi alihesabu elfu nne na nusu juu ya boneti, nami nikampa funguo. Alipoegemea boneti kuzipokea, unga mweupe ulimshika mkononi. Akaulamba, akacheka.

"Aa, mama! Hata motokari munaitia chumvi?"

Kwa miezi tulikuwa tumebeba chumvi ya ziwani Katwe kwenye keria juu ya paa, magunia yakiwa bado mabichi, maji yake yakichuruzika mbele. Nilifuata mchirizi ule mweupe kwa macho, boneti hadi pembeni mwa rejeta, ukaishia kwenye bolti ndogo. Hapo ndipo waya wa kurudisha umeme wa feni unapofungwa kwenye bodi. Chumvi ilikuwa imeijaza kutu. Na mimi, kila nilipopima, nilirudisha umeme kwenye betri kwa waya wangu mwenyewe, nikimpa mgonjwa kile kile alichokosa.

Nilimwomba mnunuzi dakika moja. Nilifungua bolti, nikaisugua kwa msasa, nikakaza. Nikaunganisha tena nyaya za swichi, feni ikazunguka.

"Papa, asante!" Alinipiga begani. "Bei ilishakwisha, lakini soda nalipa miye."

Mke wangu alikuwa anakunja kitenge. "Ungeacha tu bila kujua," akasema. "Sasa utaibeba hasara hii mpaka Kenya."

Tulishuka kilima kwa miguu kutafuta gari la Kasese. Soda sikuinywa. Nilikuwa nimepoteza shilingi elfu mbili na mia tano.