Maji ya Mvua ya Kwanza

Mtaani walimwita Mama Chupa, ingawa hakuwa na mtoto wala hakuuza chupa. Kila wiki alishuka chini ya daraja, akachota maji ya mto na kuyapeleka maabara kupima kilichoyeyuka ndani yake.

"Leo umeukuta mto mahali pake?" fundi viatu alimtania.

"Upo, ila mgonjwa. Naupeleka vipimo."

Hakuwa anatania. Kiangazi kilirefuka mwaka hadi mwaka, na kinamasi cha chini ya mji, mazalio ya samaki, kilizidi kuvaa ngozi ya kijani. Wakubwa wa mji walisema ni kawaida. Yeye alitaka kujua mvua ya kwanza inateremsha nini baada ya ukame. Ukiikosa hiyo, usubiri mwaka mwingine.

Ikanyesha alfajiri. Akazoa chupa zake jikoni, akakimbia. Kabla ya adhuhuri mwenzake wa maabara alikuwa akirukaruka.

"Fosfeti, chakula cha ule ukijani wa kinamasi, imepanda mara sita! Andika ripoti, dada, tuwazibe midomo!"

Naye alitamani kuwaziba. Lakini chupa moja tupu iliyobaki begini ilinukia malimau. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, umegusa chupa zangu?"

"Nimezisugua kwa sabuni ya unga. Zilinuka tope kama miguu ya bata! Hata asante hakuna?"

Sabuni ile ilikuwa na fosfeti hiyohiyo.

"Nani atajua?" mwenzake akanong'ona.

"Mimi. Uongo utakaotubeba leo ndio utakaotuangusha kesho."

Akamwaga yote, akamweleza mama yake kosa lilipo, kisha akabeba chupa mpya na kurudi mtoni. Mvua ilikuwa imeanza kukatika, lakini maji yalikuwa bado yakipanda. Chini ya daraja alimkuta mama, mwavuli umepinduka, amelowa chapachapa.

"Umekuja kunisaidia au kunimaliza?"

"Nimekuja kuosha. Lete."

Mama akainama, akaisuuza chupa kwa maji ya mto, akamwaga, akarudia, akarudia tena. Akainusa.

"Inanuka tope."

"Basi imetakata, Mama. Ijaze."

Jioni kipimo kilionyesha fosfeti imepanda mara mbili. Haikuwa sita. Akaandika mbili, kwa wino, akaipeleka ripoti kwa wakubwa yeye mwenyewe, matope yangali miguuni.