Toba ya Mama

Harufu inayonirudisha Malindi, ile yetu ya milimani si ya pwani, hadi leo ni ya makoti ya kijeshi ya keya yaliyolowa ukungu. Vita vilikuwa vimekwisha, vijana waliopigana upande wa Mwingereza wamerudi milimani na makoti yale mazito, na Jumapili walikuja nayo kanisani hata kama ndani hamna shati. Watu wakishajaa na joto likaanza kuyakausha, kanisa zima lilinuka sufu, jasho na moshi wa kuni za miwati. Harufu ilikolea zaidi nyuma, karibu na mlango, kwenye benchi la watu waliowekwa chini ya marudi, yaani wale waliozuiwa kushiriki meza ya Bwana mpaka watubu. Hapo ndipo nilipokaa na mama yangu, miaka yote niliyokuwa nakua. Majirani zetu kwenye benchi walikuwa wanaume, huyu kaoa mke wa pili, yule kashindwa kuacha pombe ya miwa. Mwanamke alikuwa mama peke yake, na aliwekwa pale kwa ajili yangu.

Baba alikata mkonge kule chini, Mazinde. Nilipokuwa mdogo tulishuka kumwona, nikapanda na homa. Sisi watu wa juu homa ile hatukuizoea, ilikuwa ya kule kwenye joto. Nilipewa dawa chungu ya zahanati nikaitapika, nikapewa tena, nikaitapika tena. Siku niliyoacha kumtambua mama, wazee wa ukoo wa baba walichinja mbuzi, wakatambika, wakanivisha ukanda wa ngozi yake kwenye kifundo cha mkono. Mama alikuwa Mkristo wa kubatizwa, wa kufunga ndoa kanisani. Hata hivyo alinishika mkono wakati wananivisha, na kibuyu cha pombe ya wafu kilipomfikia alikunywa. Baadaye niliamka nikaomba uji. Kama ni dawa au ni mbuzi, sijui, na kusema kweli sina hamu ya kujua.

Ukanda ule, kwa desturi yetu, haukatwi. Unaachwa ukauke, ulegee, udondoke wenyewe, na anayeukata anamrudishia mgonjwa ugonjwa wake. Kwa hiyo mama alinishonea gauni la mikono mirefu, akanipeleka kanisani na ngozi ya tambiko mkononi. Jamani, mama yangu! Alidhani nguo itaficha. Mlangoni alisimama Mzee Filipo, mzee wa kanisa, ambaye kila mtoto alimwamkia shikamoo naye akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Aliushika wangu, vidole vikapapasa kitu kigumu chini ya kitambaa, akauachia. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Nilipougua ni yeye aliyetuletea mahindi, na alipokwenda kumweleza mchungaji, wanasema alikuwa analia.

Mama alitakiwa kusimama mbele ya usharika na kusema amekosa na anajuta. Basi, kungeishia hapo. Akawajibu wazee, akiwa amesimama na kitenge kimefungwa kiunoni, “Kukosa nimekosa, baba zangu. Kujuta sijajuta. Mtoto huyo hapo, mnamwona.” Walimwambia aende akatafakari. Akaenda nyuma, nami nikamfuata, na kutafakari kwake kukachukua utoto wangu wote. Watu wakienda kupokea mkate na divai sisi tulibaki tumekaa, tukitazama migongo yao. Nilizoea. Mtoto huzoea chochote, hata kuitwa mtoto wa mbuzi akienda kuchota maji.

Ukafika mwaka wangu wa kipaimara. Kwetu, msichana siku ile aliongozwa na mama yake hadi mbele, wakapiga magoti pamoja, mtoto akapokea kwa mara ya kwanza ubavuni mwa mama. Mama aliye chini ya marudi hakuruhusiwa, na nafasi yake ilichukuliwa na mwanamke mwingine wa ukoo. Ya mama yangu ingechukuliwa na shangazi. Shangazi alikuwa ameokoka, mmoja wa wale waliosimama kila mkutano kushuhudia jinsi walivyooshwa, na kusema haki alikuwa na furaha ya kweli usoni ambayo sisi nyumbani hatukuwa nayo. Alikuja na kitambaa cheupe cha gauni langu, akakiweka juu ya meza, akamwambia mama, “Wifi, mimi mahali pako sipataki. Neno moja tu. Liseme yaishe, umpeleke mwanao.” Mama alikishika kile kitambaa, akakigeuza, akasema kizuri.

Jumamosi ya maungamo alivaa vizuri, akatembea mpaka mbele. Mchungaji aliuliza, naye akajibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, “Nilikosa kwa kumtambikia mwanangu. Najuta.” Mzee Filipo alitoa leso. Watu wakaimba, wanawake wakamshika mikono, shangazi akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimesimama na wenzangu wa darasa la kipaimara, na nilichokisikia ni mama akisema anajuta kwamba nilipona. Najua sivyo alivyosema. Ndivyo nilivyosikia. Sikulia wala sikukasirika. Nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka wimbo ukaisha. Kesho yake alinishika mkono, tukapiga magoti, tukapokea. Divai ilikuwa kali, mkate hauna ladha, na wote walitupongeza.

Jumapili iliyofuata mama aliingia kanisani, akapita nafasi aliyowekewa na wanawake, akarudi kuketi nyuma na wanaume wa marudi. Mzee Filipo alimfuata akimnong'oneza kuwa amesahau, yeye sasa amesafishwa. Mama akamwamkia shikamoo, na hakuondoka. Nyumbani shangazi alifoka, “Umetubu, umesamehewa, unataka nini tena?” Mama alikuwa anachambua maharage. Alisema, “Sikujuta, wifi. Nilisema uongo mbele ya Mungu ili nimpeleke mtoto. Lile la mbuzi mlikuwa mnaliita dhambi ninyi. Hili nalijua mwenyewe.”

Mchungaji alikuja kumwambia kwamba hata uongo una toba yake. Mama alimkubalia. Halafu akamuuliza, kwa upole kabisa, atautubuje uongo ule bila kutamka kwamba lile la mbuzi halijutii, na akishatamka hivyo watamweka wapi. Mchungaji alikunywa chai yake yote, akasema atamwombea, na nadhani alimwombea kweli. Mama alikaa nyuma kwa hiari mpaka alipokufa. Kengele ilipigwa na jeneza likaingizwa kanisani kwa heshima zote, maana kwa kanisa yeye alikwisha kusamehewa zamani. Nilisubiri uchungu uje. Wageni walikula, wakaondoka, nikaosha sufuria.

Leo mambo ni mepesi. Marudi yamebaki jina tu, makoti ya keya yameoza, na vijana wanatoka Lukozi kwa pikipiki, wanatubu kwenye kipaza sauti, wanapigiwa makofi kabla hawajamaliza. Siwacheki. Mimi ni mzee wa kanisa sasa, naketi mbele, watoto wananiamkia. Kila ibada tunaungama kwa pamoja, tumekosa na tunajuta, na sikosei hata neno. Mama aliyasema maneno hayo mara moja akashindwa kuishi nayo. Mimi nayasema huku nawaza kama maharage niliyoyaacha jikoni hayajaungua, kisha nainuka, naenda mezani, nanyoosha mikono, napokea.