Tumemzika Mwalimu wa Tuisheni

Jumanne tumemzika mwalimu wa tuisheni. Wengi wenu hamkumjua, na hilo halinishangazi, maana hata waliomjua walikuwa wakimpita barabarani bila kumsalimu. Hakuwa na kituo wala bango. Alikuwa mama wa makamo kutoka Lindi, mpangaji wa chumba kimoja Ilala, aliyezunguka na mfuko wa vitabu kutoka nyumba hadi nyumba, mtoto mmoja kwa saa mbili: hisabati, Kiingereza, baiolojia, jiografia, chochote ambacho shule ilikuwa imeshindwa kukifundisha. Shinikizo la damu limemchukua ndani ya siku tatu. Msibani nimesikia sifa nyingi, na zilizonitia kichefuchefu zaidi zilitoka kwa rafiki yangu mmoja, muuza vitenge wa Kariakoo, aliyeshika maiki na kusema marehemu alikuwa kwake “kama dada wa tumbo moja.” Niliinamisha kichwa. Watu walidhani nalia.

Mimi ndiye niliyewakutanisha. Binti wa rafiki yangu alikuwa kidato cha tatu katika shule ya ada kubwa, yenye basi la njano na sare ya tai, na kila muhula alikuwa akishika mkia. Baba yake alikwisha kuapa kwamba akifeli kidato cha nne hakuna kurudia. Atakaa dukani mpaka apatikane wa kumuoa. Nikampeleka mwalimu. Somo la kwanza lilifanyika stoo, juu ya duka, katikati ya marobota ya vitenge, mimi na baba mtu tukiwa tumekaa pembeni. Mwalimu alimuuliza binti nini maana ya usanisinuru. Binti akasimama wima, akamwaga Kiingereza bila kukosea hata neno. Baba akanitazama kwa fahari. “Vizuri,” mwalimu akasema. “Sasa niambie kwa Kiswahili, huo mmea unafanya nini?” Binti akajibu kwa sauti ndogo, “Sijui, madam. Tuliambiwa tukariri tu.” Ndizo shule tunazojivunia hizo. Tunalipa ili watoto wafundishwe kutamka wasichokielewa, na siku ya mahafali tunawapigia makofi.

Mwalimu alimrudisha binti kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo za darasa la tano. Wiki ya tatu rafiki yangu akawaka. “Madam, mwanangu yuko kidato cha tatu, wewe unamgawisha machungwa?”

“Hajui kugawa, bosi. Nikimrukisha kwenye aljebra leo nitakuwa namdanganya, na wewe utakuwa unanilipa nikudanganye.”

“Basi pumzika. Nitatafuta anayejua kazi.”

Anayejua kazi akapatikana: kijana mwenye kituo upande wa Gerezani, suti imenyooka, mkononi kijitabu cha maswali ambayo aliapa ndiyo yatakayotoka. Binti akayakariri mwaka mzima. Ilipofika moko, ule mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, hakuna hata moja lililotoka. Akapata sifuri ya hisabati, akajifungia chumbani, akakataa kula. Mama yake ndiye aliyekwenda Ilala, bila kumwambia mumewe, kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya yeye. Mwalimu hakumsimanga. Alisema tu, “Mlete.” Kwa miezi iliyobaki binti alipitia kwa mwalimu kila alipotoka shule, baba akidhani yuko kituoni. Walianzia pale pale walipoachia. Siku binti alipolia kwamba yeye ni mjinga, mwalimu alimpa chaki na kukaa sakafuni. “Leo mwanafunzi ni mimi. Nifundishe, na nisipoelewa kosa ni lako.”

Binti alifaulu. Hakufanya maajabu, lakini alifaulu, na leo ni mfamasia. Matokeo yalipotoka, baba akakodi ukumbi. Akamwita mbele yule kijana wa kituo, akamvisha shada la maua huku akimsifu kwa kumwokolea mwanawe. Mwalimu alikuwa amealikwa na mama mtu kimyakimya, amekaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Nilimwona binti akiinuka ili aseme kitu, na mama yake akimvuta gauni akae. Mimi nilijua kila kitu, maana mama alikuwa amenisimulia. Nilikula pilau, nikapiga makofi pamoja na wengine. Rafiki yangu namdharau, lakini yeye angalau alikuwa hajui. Nilipotoka nilimkuta mwalimu nje akisubiri usafiri, nikamuuliza kwa nini hakusema. “Niseme nini? Mtoto anajua,” akanijibu, wala hakuniuliza kwa nini mimi sikusema.

Sisi wazazi wa mji huu hatutafuti mwalimu wa mtoto. Tunatafuta mtu wa kutuambia kwamba mtoto wetu ana akili na sisi tunajua kulea, na huyo ndiye tunayemvisha maua. Anayemsaidia mtoto kweli huanza kwa kutuudhi, tukamfukuza, na akifa tunagombania maiki. Mzazi mwenzangu, ipo siku mtu mwenye mfuko wa vitabu atakuambia jambo kuhusu mwanao ambalo hukutaka kulisikia. Siku hiyo funga mdomo, umvutie kiti.