Firigisi Ndani ya Mkate

Mwanangu, nakumbuka Krismasi ya kwanza niliyokula nyumbani baada ya kurudi Songea. Kila nikiikumbuka namshukuru mtu mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa na kila sababu ya kuinuka kwenye chakula na kuondoka.

Nilirudi nikiwa mtu, usinione hivi. Nilitoka hapa na begi lililofungwa kamba, nikaenda Dar es Salaam, nikaosha sufuria za watu huku nikijisomesha mpaka nikapata stashahada ya upishi wa hoteli. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Stashahada hiyo ninayo mpaka leo kwenye fremu, na kila mgeni wangu ameisoma, hata aliyekuja kuazima jembe. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Hapa Songea, mtaa wa Majengo, ambako zamani mkate ulipangiwa foleni, sasa mikate ilikauka madukani kwa wingi wake, na mimi nilikwisha kupanga chumba huko ili nifungue mkahawa.

Kilichobaki ni mke. Leokadia wa Namtumbo alikuwa amenikubali, lakini posa haipelekwi na mwenye kuoa. Baba yangu alikuwa amefariki, kwa hiyo mtu wa kwenda alikuwa kaka yake, baba mkubwa. Bila yeye sikuwa na wa kusimama mbele ya wakwe. Naye alisema jibu lake atalitoa Krismasi, akija kula kwetu. Nikaona hapo ndipo pa kumwonyesha ana mtoto wa namna gani.

Asubuhi ile nikawatoa mama na dada yangu jikoni. Mikate nilikuwa nimeiacha ikauke, nikaivunjavunja kwa vidole, maana kipande kilichovunjwa hunywa mchuzi kuliko kilichokatwa kwa kisu. Nikakaanga vitunguu na karoti kwa siagi, nikatia pilipili manga na majani ya giligilani. Nikakatakata maini na firigisi, nikachanganya vyote na mayai na supu ya shingo na miguu. Mchanganyiko huo nikaujaza matumboni mwa majogoo wawili, nikawashona kwa uzi na kuwaoka kwenye sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Majirani waliokuwa wakitoka misa walipunguza mwendo wakipita kwetu. Mkoa huu haukuwa na mpishi mwingine wa kufanya vile, na nalisema kwa sababu ni kweli.

Mama akaingia na kibakuli kidogo chenye maua ya bluu.

“Firigisi umeziweka wapi? Nimwandalie shemeji.”

“Zimo ndani ya mkate, mama. Nimezikata.”

Akaketi kwenye kigoda, kibakuli mapajani. “Zote mbili?”

Huenda wewe wa leo huoni uzito wake. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya mzee wa nyumba. Haikuliwa na mtoto, haikuliwa na mwanamke. Ilipelekwa mbele yake peke yake, kwenye kibakuli kile, na bila hiyo ni kama umemwambia hana nyumba. Nami nililijua hilo tangu utoto. Nilidhani tu kwamba chakula cha hoteli kina desturi zake, na kwamba utamu wake ungejibu kila swali.

Baba mkubwa akafika, tukampa shikamoo, akanawa mikono. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo wote tulikaa sebuleni, wanawake mkekani karibu na mlango. Nikapasua uzi, mkate ukamwagika ukifuka moshi, nikawapakulia wote. Baba mkubwa akautazama. Akatazama mahali pa kibakuli.

“Shemeji, majogoo wa siku hizi hawana firigisi?”

Mama akainama. Nikajibu mimi. “Nimezikatakata humo, baba mkubwa. Chuoni tulifundishwa hivyo.”

“Hicho chuo kilikuwa hakina wazee?”

Hakuna aliyecheka. Alikuwa bado hajagusa chakula, na niliiona Namtumbo ikienda mbali. Ndipo sauti ya mama ikatoka mkekani, ndogo, kama anasema na sahani yake.

“Kumbe ndiyo hii.”

“Nini hiyo?” baba mkubwa akauliza.

“Firigisi. Tangu niolewe humu nazisafisha, nazikaanga, nawaletea. Leo ndiyo nimejua ladha yake.”

“Na ikoje?”

Mama akatafuna kwanza. “Ngumu kidogo, shemeji. Nilidhani mnatuficha kitu kikubwa zaidi.”

Baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa, dada yangu akampelekea maji. Kisha akala. Akaongeza mara ya pili, akakwangua sufuria. Alipomaliza akasema, “Alhamisi tunakwenda Namtumbo. Ila ukweni hupiki wewe.”

Mvua ilipokatika nikamsindikiza, nikijua bado ana neno. Akasimama barabarani.

“Ungeniomba zile firigisi, ningekupa. Na mama yako angezila kutoka mkononi mwangu. Miaka yote hii sikuwahi kufikiria kumpa, na siku ambayo ningeweza, wewe ulikuwa umeshagawa.”

Krismasi iliyofuata nilimwomba. Akazikata firigisi mwenyewe, kipande cha kwanza akampa mama, vilivyobaki akanirudishia nikaviweke kwenye mkate. Akafanya hivyo kila mwaka mpaka alipotutoka. Krismasi hiyo Leokadia alikuwa nasi, mke wangu tayari, na ni yeye anayeshona majogoo siku hizi, ingawa uzi wangu ulikuwa umenyooka zaidi.

Mwanangu, ukirudi nyumbani na ujuzi, utumie bila aibu. Mimi sijawahi kuuonea aibu wangu. Lakini kabla hujagawa fungu la mtu, mwombe, ili naye apate nafasi ya kulitoa. Na siku utakapokaa kwenye kiti cha mzee ukute fungu lako limegawanywa, kabla hujakasirika tazama ni nani aliyelionja.

Mungu akupe mikono inayojua kazi, akupe na wazee wanaojua kucheka. Mezani pako asiwepo anayepika asichoruhusiwa kuonja.