Mwalimu Wangu wa Seva Anasoma Jumbe za Wanawake Waliojificha

Admin, jina langu na la mtaa wetu yabaki kwako tu. Nina miaka ishirini na minane, sijaolewa, naishi na mama yangu huku Eastlands. Kazi yangu ni kutunza seva, yaani ile kompyuta inayobeba tovuti na kuifungua kila mtu anapoitafuta. Naandika haraka haraka, mkiona makosa mnisamehe.

Kazi hii nilifundishwa na mtu nitakayemwita Mwalimu. Nilimaliza shule nikakaa bila kazi, yeye ndiye alinichukua na kunionyesha kila kitu bila kuniitisha chochote. Nilimchukulia kama kaka. Nimekula kwake mara nyingi, na mkewe nilimwita wifi. Mwaka huu wifi aliondoka na mtoto. Mwalimu alituambia ameenda Machakos kumuuguza mamake, nami nikaamini.

Sasa, kuna nyumba fulani inayowaficha wanawake wanaokimbia kupigwa. Mwalimu ndiye aliwajengea tovuti bure, kisha kazi zikamzidi akanikabidhi mimi niitunze. Kuna ukurasa ambapo mwanamke anaandika amejificha wapi na namba ya kumpata, halafu msimamizi wao, tunayemwita Madam, anatuma mtu kumchukua. Nyumba yenyewe iko wapi hata mimi sijui.

Juzijuzi Madam alinipigia akiwa na wasiwasi. Ukurasa wa kuomba msaada ulikuwa unazunguka tu. "Kuna msichana alituma akiwa amejifungia chooni," aliniambia. "Ikazunguka mpaka mumewe akaanza kugonga mlango."

Sikupata usingizi. Kwanza nilidhani watu wamekuwa wengi, nikairuhusu seva ihudumie wengi zaidi kwa wakati mmoja. Memori ikajaa, tovuti nzima ikaanguka. Nikarudisha ile idadi chini, nikapunguza muda wa kusubiri, nikaweka picha mahali pa kupatikana haraka. Kurasa zingine zikawa nyepesi kabisa, lakini ule wa msaada ukabaki vilevile. Ndipo nikaanza kusoma mipangilio ya seva mstari kwa mstari.

Nikakuta mstari unaoiamuru seva itume nakala ya kila ujumbe kwa mashine nyingine. Hiyo mashine ilikuwa ya polepole, kwa hivyo kila ujumbe ulikwama ukingoja nakala ifike. Anwani yake niliijua. Ni ile mashine ya nyumbani kwa Mwalimu, niliyojifunzia.

Nilijaribu kujiambia labda ilikuwa akiba tu, aliisahau. Nikaufuta ule mstari, ukurasa ukaanza kufunguka papo hapo. Nikabadilisha na nywila zote.

Simu yake haikuchelewa. "Mdogo wangu, naona umefanya usafi," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Kuja Burma tukule nyama tuongee."

Nilienda kwa sababu ilikuwa mchana, na pale Burma ni soko la nyama, hujaa watu. Na nilitaka kumsikia akisema ni makosa. Alikata nyama akinisogezea vipande vizuri, kama kawaida yake.

"Rudisha ule mstari," akasema.

"Wa nini?"

"Bibi yangu yuko hiyo nyumba. Aliandika hapo akiwa kwa rafiki yake. Nilifika nikakuta washamchukua." Akapangusa mikono. "Nataka tu kujua wanamweka wapi. Siku moja kuna mtu ataandika hapo nyumba iko wapi."

Nilimwambia siwezi. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. "Hiyo seva inatunzwa na nani? Si wewe? Wakiuliza nani alikuwa anatoa jumbe, mimi nitasema nilikuachia kitambo." Kisha akauliza kama mama bado anasumbuliwa na miguu. Akasema itabidi ampitie.

Nilimwendea Madam siku hiyo hiyo nikamweleza kila kitu. Kwamba jumbe zilikuwa zinatoka, aliamini. Kwamba ni Mwalimu, hapo alishindwa. Aliwahamisha wanawake wote kabla jua halijatua, wifi akiwemo, kisha akaniomba nywila zote. "Kaa nyumbani kwanza," akaniambia. "Sijui ni nani kati yenu." Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Jana nilitoka Muthurwa kununua mboga, nikakuta Mwalimu ameketi sebuleni kwetu akimsaidia mama kuambua njegere. Mama alikuwa anacheka. Hajui lolote, ana presha, nimeogopa kumwambia. Nilipomsindikiza Mwalimu nje akaniambia taratibu, "Nimemwahidi mama nitakuwa nikija. Mpaka ile kitu irudi vile ilikuwa."

Hata nikitaka, siwezi kuirudisha tena, nywila sina. Nilimwambia hivyo, hakuniamini. Nikienda polisi, mikono iliyoishika ile seva mwisho ni yangu, na Madam mwenyewe ananishuku. Nikihama, mama nitamwambia nini, na tutaenda kwa nani? Sasa hivi nikisikia hatua kwenye ngazi naenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Nishaurini ndugu zangu, nianzie wapi? Kama kuna mwanasheria hapa, au mtu anayejua nitathibitishaje ni nani aliweka ule mstari, naomba amwandikie admin. Lakini tafadhali, msitaje hapa chini nyumba yoyote ya kuwahifadhi wanawake mnayoijua, wala mtaa iliko. Mwalimu pia hufuata hii page. Akisoma hapa atajua ni mimi. Nimeandika tu ili likinipata jambo, muwe mnajua limetoka wapi.