Kitambaa Chekundu cha Dumu

Mimi ni fundi wa magari hapa Mokowe, na mdomo wangu hauna breki. Mke wangu hunionya kila siku, nami humjibu kwamba fundi asiyefoka huonewa.

Siku ile nilikuwa nampeleka baba mkwe Mpeketoni kufanyiwa upasuaji wa macho. Ukungu wa mtoto wa jicho ulikuwa umemziba yote mawili, na madaktari wa macho walikuja siku hiyo moja tu. Wakiondoka, ni hadi mwakani. Tangu baada ya alfajiri alikuwa ameketi ndani ya pikapu yangu, kanzu safi, tasbihi mkononi.

Tulipokaribia mji wa Hindi gari likaanza kumisi. Linakohoa, linatetemeka, moshi mweupe nyuma. Nikaegesha, nikaiacha injini ikinguruma, nikawa nachomoa nyaya za plagi mmoja mmoja. Ukichomoa na mlio ukabadilika, silinda hiyo ni nzima. Wa pili haukubadilisha kitu, wala wa tatu. Nikazifungua plagi: nyeusi, zimelowa oili. Nikazisugua kwa msasa, nikawasha, tukasogea kidogo, likaanza tena.

Hapo nikampigia simu jirani yetu anayeniuzia petroli miaka yote. Nikamwita mwizi, mla haramu, muuza petroli chafu, na baba mkwe anasikia kila neno. Jirani hakunijibu ubaya. Alisema analeta petroli nyingine kwa pikipiki.

Nikangoja nikijifuta mikono kwa kitambaa cha mfukoni. Kukitazama, kumbe ni chekundu. "Lahaula," nikasema kwa sauti, "kitambaa cha mashua!" Kwetu madumu mawili hukaa mlangoni, moja la gari, moja la mashua ya baba mkwe, ambalo petroli yake tumeichanganya na oili. Hilo la mashua ndilo hufungwa kitambaa chekundu. Asubuhi nilikifungua mwenyewe nifutie kioo, kisha nikabeba dumu lile lile nikalimimina lote kwenye tangi.

Jirani akafika, akanusa tangi.

"Haya ni mafuta ya mashua, fundi. Nani kayatia?"

Baba mkwe akatoa kichwa dirishani, akagusa macho yake.

"Ni mimi. Mato haya yamenitupa, nimempa dumu silo."

Ati yeye, aliyekuwa ameketi garini kabla sijashika dumu! Jirani akampa pole, akacheka, akasema leo yatapona inshallah. Nami nikanyamaza. Wallahi nikanyamaza, nikainama kuyanyonya yale mafuta kwa mpira, na uso unaniwaka.

Tuliwahi. Kesho yake muuguzi alipomfungua bandeji ya jicho, mtu wa kwanza mbele yake nilikuwa mimi. Akanitazama sana, akatabasamu.

"Alhamdulillahi," akasema, "nakuona."

Nikatazama sakafu.